Nazi na Ndimu Kutoka Ghorofa ya Tatu

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua mapazia, nikaelekezwa duka lililo ghorofa ya nane. Zamani ningeuliza kama hakuna lingine chini. Siku hizi kuna lifti, basi nikaingia, nikabanana na mabelo ya vitenge na kijana aliyekuwa anabishana bei kwenye simu. Kupanda hakukuwa na neno. Wakati wa kushuka ndipo sakafu iliponitoroka kidogo chini ya miguu, tumbo likabaki juu, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikacheka peke yangu. Kijana akanitazama, kisha akasogea pembeni. Simlaumu. Angejuaje kwamba nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu, jirani yetu mwalimu wa fizikia, na bakuli la uji?

Wewe uliyekulia mitaa ile utanielewa upesi. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ngazi zake za zege zimelika katikati kwa miguu ya watu. Chini maduka, juu wapangaji, na baadhi ya vyumba vilikuwa stoo za wafanyabiashara, kwa hiyo mchana kutwa wapagazi walipanda na mizigo begani wakidai wapishwe. Asubuhi tuliamshwa na magurudumu ya mikokoteni, na kabla hujafumbua macho pua ilikuwa imeshakuambia dagaa wameingia sokoni au bado. Sisi tulikaa ghorofa ya tatu. Dirisha la jiko lilitazama kichochoro chembamba kilichopita ubavuni mwa nyumba, na hapo ndipo maisha ya bibi yalipokuwa yamehamia.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mtu wa Lindi. Mpishi, mbishi, na mcheshi akipenda. Magoti yalikuwa yamemgomea, na ngazi zile hakuziweza tena. Chini kabisa, mlango wake ukitazama kichochoroni, alikaa shoga yake, aliyekuwa akiuza karanga na ubuyu kibarazani. Walikuja mjini pamoja wakiwa wasichana, wakaolewa mitaa ya jirani, wakazikiana waume. Sasa mmoja hawezi kushuka, na mwingine, kwa mwili mzito na presha, alikatazwa kupanda. Walikuwa wanakaa nyumba moja na tangu Ramadhani ya mwaka uliopita hawajashikana mikono. Hata kuitana hakukufaa kitu. Kelele za kichochoro kile zilimeza kila neno kabla halijafika ghorofa ya kwanza.

Kilichowabakia kilikuwa kikapu cha ukili na kamba ya katani. Ramadhani ilipoingia, kila jioni bibi alishusha futari: leo uji wa pilipili manga, kesho mihogo ya nazi, keshokutwa tambi. Kikapu kilirudi na bakuli la shoga yake lenye kunde, au kaimati za sukari nzito. Unajua desturi yetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kwa wale wawili desturi hiyo ilikuwa ndiyo mazungumzo yenyewe. Bibi aliweza kuonja kunde na kusema shoga yangu leo hakulala vizuri. Nikamuuliza kwa nini asinitume mimi na ngazi zipo. Akasema, "Mke mwenzangu, chakula nilichokipika kwa mkono wangu nakifikisha kwa mkono wangu." Nadhani pia aliogopa nitakionja njiani, na hakukosea sana.

Mwalimu wa fizikia alikaa ghorofa ya kwanza. Alikuwa Mkristo wa Kilimanjaro, mrefu, mpenda kwaya za Jumapili asubuhi, na kikapu chetu kilipita mbele ya dirisha lake. Tulijuana naye vizuri siku uji ulipomwagikia mashati yake meupe kambani. Alipanda akiwa ameshika shati moja kama kielelezo cha mahakamani, akamwamkia bibi shikamoo mama, akaitikiwa marahaba, na kabla hajaanza kulalamika alikuwa ameshakalishwa na kupewa kaimati. Hasira ikamwisha mdomoni. Badala yake akatueleza kwamba kosa letu ni kushtua. Uji ukitulia hupenda kuendelea kutulia, alisema, na ukiwa kwenye mwendo hupenda kuendelea na mwendo. Ukianza kwa kuivuta kamba ghafla, bakuli linaondoka na uji unabaki. Ukisimamisha ghafla, bakuli linasimama na uji unaendelea na safari. Anza polepole, maliza polepole. Bibi akamwambia hayo ameyajua tangu alipokuwa anabeba maji kichwani, ila hakujua kwamba kuna watu wanalipwa mshahara kuyasema. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa.

Basi jioni moja kamba ilimponyoka bibi. Bakuli la tambi lilikwenda lote, likapasuka hatua moja mbele ya msukuma mkokoteni. Hakuumia, lakini alikaa chini akashika kichwa, na shoga mtu akatoka ndani akipiga bismillahi. Baba aliporudi kazini akasikia. Hakufoka, na hiyo ndiyo iliyotutisha. Alisema tu kwamba kikapu kikianguka tena, kamba ile ataichoma moto.

Usiku ule bibi aliwaza kivyake. Asubuhi akanieleza mpango wake: kitu kizito huanguka kwa kasi, kila mtu anajua, na chepesi huanguka taratibu. Kwa hiyo kuanzia leo atapeleka kidogo. Bakuli likiwa jepesi, hata likiponyoka, mtu aliye chini atapata nafasi ya kukimbia. Mimi nilikuwa darasa la tano, nikaona ni akili nyingi sana.

Jioni hiyo futari ilishuka vijiko viwili tu vya tambi katika bakuli la bati. Kikarudi kikapu na kunde za kawaida. Siku iliyofuata, kipande kimoja cha muhogo. Kunde nazo zikapungua. Bibi akanituma chini kusalimia, na shoga yake akanijibu kwa sauti tamu kupita kiasi: mwambie nashukuru, Mungu amzidishie. Wewe na mimi tunajua sauti ile ina maana gani, lakini wakati ule sikujua. Nilimweleza bibi kwamba ameshukuru sana. Bibi akayarudia maneno yale polepole, nami nikahisi shoga yake ameudhika. Nikamwomba aniruhusu nikamwambie sababu, akakataa katakata. Mtu mliyetoka naye mbali hivyo, alisema, hahitaji kuelezwa.

Kisha jioni moja kikapu kikapanda chepesi kabisa. Bibi alikipokea, akainua kawa, akakuta bakuli letu limeoshwa, limekaushwa, halina kitu. Adhana ilikuwa inaanza. Alifungulia tende na maji, akasali, na hakula kingine. Nilimwona akijifuta macho kwa pindo la khanga, na moyo wangu ukaniuma kwa namna ambayo bado naweza kuitambua nikiguswa hapo. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba watu wazima nao huachwa na rafiki.

Kesho yake mwalimu alinikuta ngazini nimekaa, nimenuna, nazuia njia ya wapagazi. Akauliza, nikamwaga yote. Alitaka kucheka, akanitazama, akaacha. Akapanda nami hadi jikoni, akamwomba bibi nazi moja na ndimu moja.

"Mama, nikiziachia dirishani kwa pamoja, ipi itatangulia kufika?"

Bibi akamwambia mwanangu, umesoma sana, na maswali yako ni ya mtoto. Nazi, bila shaka. Nikatumwa chini nikasimamishe watu. Msukuma mkokoteni akaziba kichochoro kwa mkokoteni wake, maana ile habari ilimhusu, na shoga yake bibi akatoka kibarazani kuona kuna nini. Juu, mkono mmoja wa mwalimu ulikuwa na nazi, mwingine ndimu. Akaviachia. Vilitua pamoja kwenye kifusi cha mchanga walichokiacha mafundi, kishindo kimoja, ndimu ikabiringika hadi miguuni kwangu. Kikao cha wapagazi kikagawanyika papo hapo, wengine wakidai nazi imetangulia kidogo. Ikabidi nivipandishe kwa kikapu, virudiwe. Pamoja tena.

Bibi hakukubali kirahisi. Akavua mtandio wake akauachia, ukashuka ukielea huku na huko. Haya, akamwambia mwalimu, na huu je? Mwalimu akasema huo unashikwashikwa na hewa kwa sababu umejitandaza. Ulipopanda kwa kikapu, akaufunga fundo gumu, akauachia upya, nao ukaja chini moja kwa moja kama jiwe. Sisi tuliokuwa chini hatukuyasikia maneno ya bibi na mwalimu. Baadaye alinisimulia kwamba mwalimu alimwambia, dunia inavuta vyote kwa mwendo uleule, mama, haiangalii bakuli lina vijiko vingapi. Kwa hiyo jaza bakuli, na kamba ipitishwe kwenye kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, nami nitakufungia.

Chini, shoga yake alikuwa ameshika kiuno. Akaniuliza wazee wale wameingiwa na nini, kuchezea nazi mchana wa mfungo. Nikamweleza. Nilikuwa nimekatazwa, ndiyo, lakini nilikuwa nimechoka kuona machozi. Nikamwambia bibi aliogopa bakuli zito litamwangukia mtu, ndiyo maana akawa anapeleka kidogo.

Akauma ukingo wa ushungi. Kisha akasema, "Mimi nimekaa hapa nadhani nimemchosha." Akaingia ndani, akatoka amevaa viatu. "Mwambie nakuja."

Nilipanda mbio kama niliyefukuzwa. Bibi aliposikia, alishika ukuta akaanza kushuka, na mwalimu akamtia moyo kwamba anayeshuka anasaidiwa na dunia, anayepanda ndiye anayepigana nayo. Bibi akamwambia hayo ayafundishe magoti, kwa sababu magoti yake yanauma zaidi kwenye kushuka. Mwalimu akakiri kwamba hilo hakulifikiria. Alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Kutoka chini tulisikia pumzi na ndala zikiburuzwa, hatua, kupumzika, hatua, na wapagazi wote na mizigo yao wamesimama wakingoja bila kelele.

Walikutana mlangoni kwa mwalimu. Akatoa viti viwili, wakakaa, magoti yakigusana. Nilitegemea maneno mengi. Walitazamana tu. Halafu bibi akasema, "Shoga yangu, mwaka mzima nimekuwa nauona ushungi wako. Nilishasahau una macho."

Yule mwingine akamshika uso kwa viganja vyote viwili. Baada ya hapo wakaanza kubishana kuhusu chumvi ya kunde.

Kikapu kiliendelea, kimejaa, kwenye kapi ya mwalimu, na baba hakuchoma kitu. Lakini hawakukutana tena. Nyumba ilipouzwa vyumba vya chini viligeuzwa fremu za maduka, shoga akachukuliwa na binti yake Buguruni. Mwalimu alistaafu, akarudi kwao. Leo hakuna kichochoro, hakuna kifusi cha mchanga, na sijui kama kuna mtoto yeyote pale anayejua jirani yake ameamkaje kwa kuonja kunde zake. Mimi mwenyewe sijui wa mlango wa pili anapika nini. Naikumbuka ile nyumba na ninaionea wivu.

Habari za msiba wa shoga yake zilikuja kwa simu ya baba, asubuhi, baada ya mazishi. Bibi alikuwa amekaa na ungo, anachagua mchele. Alisikiliza mpaka baba akamaliza, akasema inna lillahi, akanyoosha mkono kugusa mchele, akauacha.

"Nani aliyemfumba macho?" akauliza.

Baba akasema hajui, hakufikiria kuuliza. Bibi akasema haya, akaomba maji ya udhu.