Kuku wa chini ya friza: jikoni kwetu mgeni alipewa kipya, sisi tukala cha zamani

Habari zenu wakuu.

Haya yametokea kweli, sijaongeza chumvi. Jina la hoteli sitaji, msinifuate PM.

Mimi ni storekeeper kwenye hoteli moja hapa Moshi. Wageni wetu wengi ni wa kupanda mlima. Kazi yangu ni kupanga stoo na friza kwa FIFO, yaani kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka.

Nilipoajiriwa nilimkuta mpishi mkuu, Mama Yustina wa Kibosho. Mkarimu mpaka unaona aibu. Shida ni kwamba alipika kama yuko kwake kihambani, kwenye migomba na kahawa. Huko mgeni akija anachinjiwa, wenye nyumba wanamalizia kilichokuwepo.

Basi kuku wakiletwa leo kutoka Kahe, wanapikiwa wageni leo leo. Wa zamani wanazidi kusukumwa chini ya friza. Chakula cha staff kinatoka huko chini.

Siku moja nilimwamkia, nikamwambia, "Mama, hawa wa chini wakitoka kwanza wangali wazima, hakuna atakayekula kibovu."

Akacheka. "Mwanangu, mtu katoka Ulaya kuja kuuona mlima, nimpe cha juzi? Cha juzi ni chetu."

Nikapeleka kwa meneja. Yeye mila hazimhusu, alifurahi tu kwamba staff wanakula bila kununuliwa kitu. Huyu ndiye ananikera mpaka leo.

Ukaja wakati umeme unakatika ovyo. Kuku wa chini wakayeyuka, wakaganda, wakayeyuka tena. Nikawatoa wote wakatupwe.

Mama hakuweza kuona kuku anatupwa. Nikiwa napokea mboga getini, akachukua kidogo, akachemsha, akakaanga.

Kama kawaida yake, akaonja kabla yetu. Akasema, "Hii nyama haina ladha. Ninyi kuleni maharage."

Tukala maharage. Yeye akamaliza sahani yake, maana kumwaga chakula hakukujua.

Kesho yake hakuja kazini. Alikuwa amelazwa, anatapika na kuharisha, na kisukari alikuwa nacho tayari. Hakutoka hospitali akiwa hai.

Wakuu, niliumia sana. Bado naumia.

Msibani binti yake akanivuta pembeni.

"Kaka, wanasema ni chakula. Hoteli ile imejaa chakula. Mama yangu alikuwa anakula nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani kwa wenzake.

Nilichojifunza: FIFO haipo kwa ajili ya mgeni peke yake. Ukimpa mgeni kipya kila siku, kuna mtu nyuma ya jiko anakula kinachooza, na mara nyingi ni yule mwenye moyo mzuri kuliko wote. Siku hizi nikiingia jikoni, sahani ya kwanza kuikagua ni ya staff.

Mnaofanya kazi mahotelini, shusheni comment hapa. Leo staff kwenu wamekula nini?