Bata kwa Watu Wote

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa dereva na mkalimani wa ofisi moja ya afya mjini Garissa. Mkalimani ni jina kubwa. Kazi yenyewe ilikuwa kugeuza Kisomali kuwa Kiswahili na kuziba pancha. Bosi wangu alikuwa afisa mgeni, mtu wa Kenya, kama tulivyowaita wote waliotoka ng'ambo ya Mto Tana. Alikuwa mpole, mwenye mwili, na jasho lilimtoka hata akiwa ameketi. Tulizunguka zahanati za mbali tukiwauliza wakazi wangependa nini kibadilike.

Siku moja tulifika kwenye zahanati ndogo huku gurudumu la Landrova limekwisha upepo. Watu walikuwa wamekaa kivulini, wakitusubiri.

"Wewe shughulika na gurudumu," bosi akaniambia. "Mimi nitaongea nao kwa Kiswahili. Nataka kuwasikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Nikalala chini ya gari na jeki yangu. Aliyewasemea wenzake alikuwa mama muuza maziwa ya ngamia. Nilimjua, nami nilimwita eeddo, yaani shangazi, kama nilivyomwita kila mama wa rika lake. Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Mama, hapa mnataka nini?" bosi akauliza.

"Sisi nataka bata!"

Bosi akamtegea sikio. "Bata?"

"Haa, bata! Mimi nakuja asubuhi, hakuna bata. Nakuja jioni, hakuna bata."

"Na mnataka bata wangapi?"

"Watu yote! Watoto bata, wazee bata, mama ya mimba bata!"

Wenzake wakaitikia kwa pamoja. Kule chini ya gari mimi sikushtuka hata kidogo. Nyumbani kwetu p na b ni ndugu wa tumbo moja, na masikio yangu yalikuwa yakisikia "pata, pata, pata" bila taabu. Eeddo alikuwa anasema watu hawapati dawa. Nani asingeelewa?

Njiani kurudi, bosi alikuwa na furaha. "Watu wako wananishangaza," akasema. "Wafuga ngamia, lakini wana mawazo ya kisasa kabisa." Nikamshukuru kwa niaba yao.

Wiki chache baadaye aliniambia nipakie mizigo ya safari ya kule kule. Nikakuta matenga mawili yamejaa bata, wanapiga kelele utadhani wanadaiana. Alikuwa amewanunua kwenye mashamba ya kando ya mto, kwa fungu la lishe ya watoto.

"Bosi, hawa ni wa nini?"

"Waliomba wenyewe. Watoto, wazee, wajawazito."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikajaribu kumweleza habari ya p na b, akaniinulia mkono. "Nilisikia kwa masikio yangu," akasema, akapanda gari.

Tulisafiri na ule uvundo mpaka macho yakatutoka machozi. Tulipofika, eeddo alikuwa wa kwanza mlangoni. Bosi akatabasamu, akatangaza, "Mama, bata!"

Eeddo alisikia "pata". Uso ukamng'aa, akanyoosha viganja vyote viwili apokee vidonge vyake. Bosi akamwekea bata mzima mzima.

Walitazamana, yeye na bata. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kisomali, kwa utaratibu kabisa: "Mwanangu, hii inamezwa kabla ya chakula au baada?"

Nilijikaza nisicheke, nikashindwa. "Anasemaje?" bosi akauliza. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akamtazama eeddo, akawatazama bata, kisha tumbo lake kubwa likaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Eeddo naye, nilipomweleza, alicheka hadi bata akamponyoka na kukimbilia ndani ya chumba cha sindano.

Tulipotulia, bosi akaketi chini mkekani, akaniketisha katikati yao. "Sasa aseme kwa lugha yake, nawe usiache hata neno moja."

Eeddo akasema yote: dawa zinakwisha mapema, na muuguzi akienda kwenye swala ya adhuhuri harudi tena. Muuguzi, aliyekuwa akimfukuza bata ndani, akatoa kichwa dirishani na kusema swala yake huwa ndefu. Wazee wakaguna.

Haikuchukua muda mrefu dawa zikaongezwa, ingawa hazikutosha, na zahanati ikaanza kufunguliwa hata alasiri. Bata hakuna aliyetaka kuwala. Walilihamia birika la maji la mifugo wakajifanya wenyeji, na ngamia wakakataa katakata kunywa nao. Ziara iliyofuata, tulipouliza kuna malalamiko gani, wachungaji wote waliinua mikono kwa pamoja.

Tukawarudisha bata mjini. Eeddo alitusindikiza hadi kwenye gari, akasema kina mama wajawazito wanahitaji benchi la kusubiria. Bosi akaniuliza mara mbili kama kweli ni benchi.