Hodi Kwenye Masale

Muuguzi wa kliniki ya sukari pale Njoro hagombi wala hapandishi sauti. Akitaka kueleza jambo hugonga meza kwa fundo la kidole, kisha husubiri. Mwaka ule watu walipokuwa waking'oa kahawa, mzee Hosea wa Old Moshi, ambaye kidonda cha mguu wake kilikataa kupona, alimrudishia vidonge mbele yetu sote tuliokuwa kwenye foleni.

“Mwanangu, daktari kasema insulini ninayo. Hivi vya nini tena?”

Muuguzi aligonga meza, akasubiri. “Baba, mgeni akipiga hodi kwenye masale, hiyo mimea ya ua wako, nani huitikia?”

“Alikuwa mama yenu. Sasa ni mimi, na kwa miguu hii nachelewa.”

“Insulini ndiyo huyo mgeni. Inafika, inabisha hodi, ila vipokezi vya mwilini vya kuiitikia vimezeeka, sukari inabaki nje, kwenye damu. Vidonge vinaviamsha.”

Mzee alicheka, akavitia mfukoni. “Basi ukija kwangu usiite mara moja ukakimbia.”

Jumapili moja, nikitoka kanisani, nilimwona muuguzi nje ya ua wa mzee, mkono juu ya masale. Aliita, akasubiri. Aliita tena, akasubiri, mpaka mkongojo ukasikika migombani, polepole, ukija.