Kupima Ukali wa Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na miaka minane alipomsukuma mwenzake kwenye ngazi za shule, na mtoto yule akavunjika mkono. Nilikuwa nyumbani kwetu, mtaa wa Katuba, nashona sketi za buluu za wanafunzi, kazi ninayoifanya tangu kabla ya kuolewa. Waliponiita nilikwenda na sentimita ya kupimia nguo bado iko shingoni. Nilimkuta amesimamishwa nje ya ofisi ya mkuu wa shule, anachora kwa kidole vumbi la ukutani. Aliponiona alitabasamu.

“Mama, nilimusukuma tu kidogo,” alisema. “Yeye njo alianguka sana.”

Hiyo ilikuwa shule ya tatu. Mkuu wa shule, mama wa makamo aliyekuwa akituvumilia tangu mwanzo wa mwaka, hakupaza sauti. Aliniambia, “Mama, shiye tunachoka. Kama haulete karatasi ya muntu mwenye kujua mambo ya kichwa, hatutamurudisha mu classe.”

Tangu alipojua kutembea, mtoto huyu hakuwahi kukaa. Alikula akiwa amesimama. Aliuliza swali, na kabla hujajibu ameshauliza jingine. Alijua kupiga mluzi kuliko wanaume, alijua majina ya mbwa wote wa mtaa, na ajuza jirani yetu hakuwahi kukosa maji maana binti yangu alimchotea bila kutumwa. Lakini mkono wake ulitangulia akili. Alipiga, kisha akashangaa kwa nini mwenzake analia. Kuna watu wa kanisa jirani waliokwisha kuniambia kwamba mtoto wa namna hiyo anaombewa, anafungiwa ndani, ananyimwa chakula. Niliogopa maneno yale kuliko ngumi zake. Kwa hiyo nilipoambiwa juu ya kituo kimoja mtaa wa Golf, ndani ya villa iliyokodishwa na mradi fulani, ambako watoto wanapimwa tabia, nilimvalisha gauni la misa tukaenda.

Aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, psychologue, mtaalamu wa mambo ya akili, mwenye kusema polepole. Binti yangu alifungua bomba la bustani, akapanga upya viti vya watu waliongoja, akamnyang’anya mtoto mmoja kigari chake. Yule madame alimtazama tu, bila kumkemea. Baadaye alinieleza kwamba kutotulia na kutoshika jambo akilini ni ugonjwa unaojulikana, na kwamba kupiga watu ni jambo lingine, ambalo mara nyingine linafuatana nao.

“Minapenda kujua anapiga mara ngapi, anapiga nani, na juu ya nini,” alisema. “Mama atajaza karatasi moja, mwalimu wake moja, na muntu mwenye kumulinda nyumbani moja.”

Karatasi zilikuwa za Kifaransa. Kila swali lilikuwa na visanduku vinne: sifuri kama mtoto hafanyi kabisa, tatu kama anafanya kila siku.

Mwenye kumlinda nyumbani alikuwa mama yangu, binti wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga. Nilimsomea maswali nikimfasiria, naye alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga.

“Anapigana na benzake?”

“Andika hapana.”

“Mama, juzi alikulumaka mukono!”

“Mutoto kuluma nkambo yake njo kupigana?” Hakuinua macho. “Unataka nishitaki mujukuu wangu kwa bantu sibajue. Andika hapana.”

Tukafika mwisho wa karatasi na sifuri zimejaa kama mbegu.

Mwalimu wake aliandika tatu kila mahali. Aliandika tatu hata pale walipouliza kama mtoto anatesa wanyama, hata pale walipouliza kama anatisha watu kwa kisu. Nilimwendea wakati wa mapumziko. Alikuwa kijana mwembamba, sauti imemkauka, na darasani kwake watoto walibanana kwenye benchi hata wengine wakaandika wamesimama.

“Mwalimu, kisu ulikiona wapi?”

Alijipangusa chaki mikononi. “Mama, siko muntu mubaya. Mi niliandika vile nasikia mu mwili yangu. Nikiandika moja, batamurudisha kwangu tena, na miye niko peke yangu mule ndani.”

Karatasi yangu mimi niliijaza moja na mbili, nikafuta, nikajaza tena, mpaka ikatoboka.

Yule madame alizitandika zote tatu mezani. Hakucheka. “Mama, hapa niko naona batoto batatu,” alisema. Kisha alinipa daftari, akachora mistari ya kuligawa sehemu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, kilichofuata. Kwa majuma mawili, kila akimpiga mtu, nipige mstari mmoja na kuandika.

Nililiweka daftari kando ya cherehani. Siku za kwanza niliandika kwa uaminifu. Alimpiga mdogo wake baada ya kunyimwa mkate. Alimkwaruza mtoto wa jirani baada ya kuitwa kichaa. Kisha ikaja Jumapili, tumetoka misani. Alimwaga ndoo ya maji sebuleni, nami nikamzaba kofi, na papo hapo akamgeukia mdogo wake akampiga kofi lile lile, kwa mkono ule ule, upande ule ule wa shavu. Nilikaa nikaandika. Kabla: mama alimpiga. Nilisoma maneno hayo mara mbili. Nikachana ukurasa, nikaandika upya. Kabla: hakuna kitu.

Baada ya siku hiyo niliandika “hakuna kitu” mara nyingi. Sikuwa mama wa fimbo. Mtaani petu ningeitwa mpole. Lakini daftari lilinilazimisha kutazama mikono, na nilipotazama niliona kwamba mikono iliyotangulia mara nyingi ilikuwa yangu.

Mchana mmoja binti yangu alilifungua daftari. Kusoma kulikuwa kunamshinda, ila kuhesabu alijua.

“Mama, hii mistari yote ni yangu?”

“Ndiyo.”

Aligeuza kurasa. “Na ya kwako iko wapi?”

Nilimnyang’anya daftari nikamtuma dukani, ingawa hakuna nilichohitaji.

Tuliporudi Golf, yule madame alisoma kimya kutoka mwanzo hadi mwisho. “Hapa inaonekana hasira yake inatoka bila sababu,” alisema. “Kweli, mama, hakuna kintu inatokeaka mbele?”

Mlango ulikuwa wazi kwangu, naye alikuwa ananitazama kwa upole. Nikasema, “Hakuna.”

Aliandika kitu. Alisema hiyo inabadili hesabu ya ukali wake. Alisema tuanze vipindi vya mazungumzo, mimi na mtoto, kila juma, na nimwone daktari kwa ajili ya dawa. Dawa aliyoniandikia daktari niliitafuta katika kila duka la dawa katikati ya mji; muuzaji mmoja alinishauri nijaribu upande wa Zambia, wengine hawakuwahi hata kuisikia. Vipindi tulifanya viwili. Safari ya tatu mlinzi wa geti alitoka na bahasha mkononi.

“Balisha kwenda, mama. Mradi ilimalizika. Madame alipandia ndeke kule kiwanja ya Luano juma iliyopita. Alikuachia hii.”

Ilikuwa ripoti. Namba ya simu iliyoandikwa chini niliipiga siku hiyo, na juma lililofuata, na mwezi uliofuata. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumweleza habari za ukurasa ule niliouchana. Simu haikuita.

Nilimpelekea mkuu wa shule ripoti kwa sababu ndiyo aliyoitaka. Aliifungua, akapita maelezo yote, macho yake yakatua kwenye neno moja la mwisho: sévère. Aliikunja akanirudishia.

“Mama, sasa unanionyesha kama ni mukali sana, halafu nimuweke na batoto ya bengine?”

Mume wangu wakati huo alikuwa akifanya kazi mgodini Kolwezi, akirudi mara chache. Dada yake, mfanyabiashara wa samaki Kasomeno, alipita kwetu, akasikia habari, akasema mtoto aende kwake, kule hakuna ngazi wala karatasi. Mume wangu kwenye simu alisema ni sawa. Mama yangu alilia. Mimi sikusema ndiyo wala hapana, na katika nyumba yetu hiyo inahesabika kuwa ndiyo. Binti yangu alipanda mbele ya lori pamoja na shangazi yake, amefurahi kupewa dirisha, akapiga mluzi mpaka walipokata kona.

Niliongea naye likizo ya Pasaka. Kwanza alishika simu wifi yangu.

“Ule mutoto anageuka muzuri! Anakaa pahali moja tangu asubui mpaka mangaribi. Hapigi muntu tena.”

“Mulimufanya nini?”

Alicheka. “Huku tunajua kukomesha batoto.”

Akampa simu binti yangu. Nilimuuliza kama anakula. Akasema eeh. Kama anacheza. Eeh. Nilinyamaza kusudi, nikingoja anirukie na maswali yake kama zamani. Nilisikia pumzi yake tu.

“Unataka kurudi nyumbani?”

“Uliza tantine,” alisema.

Wifi yangu alichukua simu, akataka kujua kama mvua kwetu bado inanyesha. Nikamwambia bado inanyesha.