Maneno Aliyobeba Chabu

Eneless alikuwa na mkwe ambaye hakuruhusiwa kumtazama usoni. Si kwamba waligombana. Ndivyo ilivyokuwa Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini: mwanamume aliyemwoa binti yako anakukwepa njiani, anainamisha kichwa, hasemi nawe neno lolote mpaka siku utakapompikia karamu ya kumwingiza rasmi nyumbani. Kabla ya siku hiyo, mkitaka kuambiana jambo, mnamtuma mtoto.

Mtoto wa kutumwa alikuwa Chabu, binti wa Felistus na Misheck, mjukuu pekee wa Eneless. Alipoachishwa ziwa tu akahamia kwa bibi yake, kama watoto wengi wa pale, na nyumba mbili zikatenganishwa na uwanja na vichanja vya kukaushia samaki. Misheck alikulia Kilwa ya Kongo, Kibemba chake kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo maneno ya kutumana yalikwenda kwa Kiswahili cha ziwani, kile cha kuuzia samaki. Kibemba Chabu alikipata jikoni, kwenye nyimbo na vitendawili vya bibi.

Mwanzoni alikuja na neno moja tu. "Maji," anasema, kisha anasimama. Bibi mwingine angempa maji yakaisha. Eneless alikuwa mbishi.

"Nani anasema?"

"Tata," yaani baba.

"Tata anasema nini?"

"Tata anasema maji."

"Maji ya kunywa ao ya kunawa?"

Hapo mtoto anageuka mbio kwenda kuuliza, miguu ikipigana yenyewe kwa yenyewe. Jirani yao Idah alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno. "Utamuchokesha ule mutoto na maneno," alisema. Eneless hakumjali. Mtoto wa Idah alikuwa na umri uleule na bado alikuwa akinyoosha kidole na kunung'unika.

Ikawa ujumbe wa Chabu hauanzi bila kumtaja aliyeutuma, na haukatiki njiani. Akajifunza kusema "batata banasema" na "bamama banasema", kwa heshima ya wakubwa, na akileta maneno ya baba yake analeta na kikohozi chake, na pale alipositia anasita. Eneless alikuwa akiugeuza uso ili asionekane anatabasamu, maana si adabu mama mkwe kufurahia sauti ya mkwe wake, hata ikitoka kinywani mwa mtoto.

Ile karamu ilikuwa juu yake yeye kuipika. Kila mwaka aliiahirisha. Mara kuku hawatoshi, mara kuna msiba, mara mihogo haijavunwa. Tuseme ukweli: alipenda kuletewa maneno, na hakutaka siku ifike ambapo mtoto hatahitajika tena.

Misheck naye alichoka. Mkwe hulima shamba la wakwe zake, na yeye mgongo wake ulikuwa umeinamia mihogo ya Eneless tangu alipooa, huku wenzake wakivuka kwenda Kasenga ya Kongo kufanya kazi kwenye mashua za barafu zinazobeba samaki. Asubuhi moja Chabu akaja, akasimama wima mbele ya kichanja.

"Batata banasema, bamama babaachilie kazi ya shamba, baende Kasenga. Banasema mutoto atabakia kwa nkambo mpaka ajue kusoma yeye mwenyewe. Banasema habatamuondoa kabla ya pale."

Nkambo ni bibi, na bamama hapa ni mama mkwe, yeye huyohuyo, naye alimfanya ayarudie yote tangu mwanzo. Hayakubadilika. Eneless akafikiri mpaka moto ukafifia chini ya samaki, kisha akajibu kwamba aende. Mwanamke wa umri wake akashika jembe mwenyewe, akalima matuta ambayo yangelimwa na mkwe, na akaona amepata faida. Hakuna kitu duniani alichokitaka kuliko kumwona mtoto huyu akisoma akiwa bado mkononi mwake.

Shuleni mwalimu Ackson aliwaimbisha watoto silabi ubaoni, ma na me na mi, na wengi waliimba kama kasuku bila kutazama ubao. Chabu alitazama. Alikwisha kuzoea kwamba neno lina mwanzo na mwisho, na kwamba likipungua kipande bibi anakurudisha. Mwalimu akisimulia habari ya Nuhu mara moja, yeye anaisimulia nyumbani na mvua yake yote. Siku moja Ackson alikuja mpaka kwenye kichanja kuuliza mtoto huyu amefundishwa na nani. Eneless aliinua mabega tu, lakini jioni hiyo alipika wali. Muda si mrefu Chabu alikuwa anaweka kidole chini ya neno, midomo ikitikisika, halafu anacheka peke yake likishakubali. Bado alikwama kwenye maneno marefu. Bado kidogo tu.

Na ndipo Misheck aliporudi na mashua, akasema anahamia Kasenga na mke wake na mtoto wake.

Eneless hakuamini. Alimwita kaka yake Sampa, mkubwa wa ukoo, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake na mjomba ndiye mwenye kauli ya mwisho. Wakakaa uani kwa Sampa mchana kweupe, na Eneless akaisimulia ahadi aliyoletewa. Misheck alikaa ameupa mgongo upande wa mama mkwe wake, kama mtu mwenye adabu zake.

"Ba Sampa," alisema taratibu, "mimi na bamama hatujasemezana hata siku moja. Kila mutu wa hapa anajua. Nilibaahidi wapi?"

Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa ni kweli. Eneless akamtazama binti yake. Felistus alikuwapo siku ahadi ilipotumwa. Asingeweza kukosa kusikia, nyumba yao ni chumba kimoja.

"Nilikuwa natwanga mihogo," Felistus akasema, macho chini. "Sikusikia kitu."

Binti aliyemzaa mwenyewe. Eneless alitaka kulia, lakini hasira ilitangulia. Sampa akamwita Chabu katikati na kumuuliza baba yake alimtuma nini kwa bibi siku ile.

Mtoto akasimama wima, mikono ubavuni, jinsi anavyosimama siku zote.

"Batata banasema, niseme sikumbuki."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajiziba mdomo. Hakuna aliyekuwa hajaelewa. Misheck alikohoa. Eneless alimgeukia kaka yake, akiwa na hakika kwamba mambo yamekwisha, na Sampa akawa anatazama nyuma ya nyumba, ambako wavu mpya wa nailoni ulianikwa, zawadi iliyoshuka juzi kutoka kwenye mashua ya Misheck.

"Mutoto ni mutoto," Sampa alisema. "Maneno ya mutoto haifungi mukubwa. Mubaache baende."

Watu wakainuka, wakijipukuta mavumbi. Walijua, wote walijua, na walikwenda nyumbani kula.

Eneless aliwafuata wasafiri mpaka ufukweni. Felistus alikwisha kupanda, amejifunika kitenge hadi puani. Misheck alikuwa majini mpaka magotini, na Chabu amesimama mchangani akisubiri kubebwa. Eneless akapita wanawake wote, akaenda akasimama mbele ya mkwe wake, uso kwa uso, jambo ambalo hakuna mama mkwe aliyewahi kulifanya pale, na akamwita kwa jina.

"Misheck. Ulinidanganya kwa kinywa cha mutoto wako."

Wanawake waliguna. Idah alisikika akisema kwamba mama huyu amepotewa na aibu. Misheck alikwisha kuinamisha kichwa na kugeuka pembeni, vizuri kabisa, hata mzee mmoja akamsifu kwa malezi. Kisha akamsemesha mtoto kwa sauti ya chini.

Chabu akamgeukia bibi yake.

"Nkambo, batata banasema, bamesikia."

Misheck akambeba, akampakia mashuani.