Amani ya Udongo

Juzi, katika ofisi ya kata kule Mabawe, nilimkuta ofisa wa mradi akiwabembeleza akina mama watatu. Jiko lao la udongo, ambalo yeyote anaruhusiwa kuliiga na kulirekebisha, waliliita Amani. Baadaye shirika la ofisa huyo likaanza kugawa jiko la bati katika kambi ya wakimbizi iliyo jirani, nalo likaitwa Amani.

"Badilisheni jina lenu," ofisa alisema. "Watu wanachanganya."

"Letu lilitangulia," mama mmoja akajibu, mikono kaikunja kifuani. "Wakimbizi wanatuulizia kwa jina hilo. Tukilibadilisha, watatupataje?"

"Basi liiteni Amahoro."

Wakaangua kicheko. Amahoro ni amani ileile, kwa Kihangaza chao na kwa Kirundi cha wakimbizi.

Kabla hawajanyamaza, akaingia dada mmoja kutoka kambini.

"Shikamooni. Nimekuja kufundishwa Amani."

"Ipi?" ofisa akauliza haraka.

"Ya udongo. Ile ya bati imetoboka."

Ofisa akafunika kalamu yake. Jina lilikwisha kubadilishwa na wapishi wenyewe, Amani ya udongo na Amani ya bati, bila kikao. Nami nikaondoka nikiwaza: amani ya kuletewa ikitoboka, unamngoja aliyeileta. Ya kujifinyangia ikipasuka, unakanda udongo, unaziba.