Jina Ambalo Mwanafunzi Wangu Hakutaka Kulitamka

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya kule Louisville, Marekani, ambayo nikiikumbuka hata leo kichwa kinanizunguka, na mimi si mtu wa kuchanganyikiwa ovyo. Stashahada yangu ya ualimu unaiona pale ukutani. Nilitua Buffalo na sanduku moja na koti la kuazima, nikabeba mizigo kwenye maghala ya Columbus, nikajisomesha Louisville bila mjomba wala mfadhili, kisha nikarudi kujenga nyumba hii uliyokaa ndani yake. Kwa hiyo nikikuambia kuna jambo lilinishinda, ujue lilikuwa jambo kweli.

Siku hizo nilipanga chumba mtaa wa Beechmont, kwa Mama Neema, Mkongo wa Bukavu. Mwisho wa wiki nilifundisha watu Kiingereza majumbani mwao. Raju, Mhindi mwenye duka kule Highview, aliniomba nimfundishe mama yake, mjane aliyekuwa akisubiri usaili wa uraia. Usaili wa kwanza alikuwa ameshindwa. Alinyamaza mbele ya ofisa, akatoka, na hakumwambia mtu sababu. Sasa alibakiwa na nafasi moja. Akishindwa tena, angelazimika kuanza maombi upya, naye alikwisha sema hana nguvu hiyo. Angerudi India peke yake, awaache wajukuu.

Nikaanza pale anapoanzia mwalimu aliyesomea kazi yake: aina za nomino. Za pekee, za kawaida, za makundi, za vitu visivyohesabika, za dhahania.

"Masterji," akasema, maana ndivyo wanavyomwita mwalimu, "kwetu shuleni tulifundishwa tatu. Hizi mbili mmezitoa wapi?"

"Wamezileta Waingereza, mama. Mimi nasambaza tu."

Akacheka. Alikuwa mwepesi, mwanangu. Maziwa, unga, kundi la ng'ombe, huruma, subira, kila neno aliliweka mahali pake. Kwa nomino za pekee nikamtajia Louisville anakoishi, Columbus alikoolewa binti yake, Buffalo aliko kaka yake. Akanitajia majina mengine, kutoka Delhi hadi mtaa wa Iroquois. Kisha nikamuuliza, kwa Kiingereza safi kama atakavyoulizwa na ofisa, jina la mumewe.

Akavuta ukingo wa sari kufunika kichwa. "Baba yake Raju."

Nikamwambia hiyo ni nomino ya kawaida, nataka ya pekee.

"Baba yake Raju."

Nikaeleza upya. Nikarudi Columbus, nikarudi Buffalo. Wiki iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Somo langu lilikuwa safi, sikuona lilipovuja. Mwishowe nikamvuta Raju pembeni, nikamwambia huenda mama ameanza kupoteza kumbukumbu. Kijana wa watu akaogopa. Alilelewa na mama huyo, lakini hata yeye hakuelewa.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekunja uso. Mama Neema alikuwa akipika sombe, yaani kisamvu. Nikamweleza kwamba nina mwanafunzi anayejua kila jina duniani isipokuwa la mume wake. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Donc, basi, mwalimu, siku zote hizi unalala mu nyumba yangu. Ulishanisikia naita bwana yangu na jina?"

Nikafikiri. Mumewe nilimjua kwa jina la Papa Neema tu, yaani baba yake Neema.

"Basi anaitwa nani?"

"Umuulize yeye mwenyewe. Miye hapana."

Ndipo ikaja hiyo Jumamosi. Nilikwenda Highview nikiwa na furaha, nikamwambia mama nimeshaelewa: jina analijua, mila ya kutotamka jina la mume ndiyo inayomzuia. Dawa yake nyepesi, nikasema. Tulitamke hapa kila siku, polepole, mpaka ulimi uzoee.

Kiingereza cha mama kilichechemea, lakini siku hiyo sikukosa hata neno.

"Masterji, jina hilo nililijua kabla wewe hujazaliwa. Sikulitamka siku ya harusi, sikulitamka siku tulipomuaga. Unataka nilifanyie mazoezi, kama Columbus na Buffalo?"

"Na ofisa akikuuliza?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Bado naongea naye." Alimaanisha marehemu mumewe.

Nikabaki hapo, mwalimu mwenye cheti, sijui nifundishe nini. Tukasoma mambo mengine.

Siku ya usaili mimi na Raju tulingoja ukumbini. Raju hakukaa kitini hata kidogo. Mama alipotoka uso haukuonyesha kitu, nikadhani ameshindwa. Kisha akasema amepita.

Alituambia kwamba ofisa, msichana mdogo, alipouliza jina la mume, yeye aliomba ruhusa kusimama. Akasimama, akafunika kichwa, akalitamka. Msichana akangoja mpaka mama alipokaa, ndipo akaendelea.

"Aliitwa nani, mama?" nikauliza. Lilinitoka tu.

"Masterji," akasema, "wewe si ofisa."

Raju alicheka huku machozi yakimtoka.

Mpaka leo sijui kama nilimfundisha au nilimsumbua. Lakini hili nalijua, na ulishike: ukimuuliza mtu akanyamaza, usiharakishe kusema hajui. Kaa naye. Muulize kinachomzuia. Akikuambia, usimtake akitupe upesi ili wewe umalize kazi yako; mwache apime mwenyewe kama atakitoa, kwa nani, na akiwa amesimama au amekaa. Utakuwa mwalimu, au bosi, au mkwe wa watu, na hilo litakufaa kote.

Mungu akufikishe mbali kuliko nilikofika mimi, na huko si karibu. Akupe watu wa kukusahihisha bila kukudharau, na kila mlango utakaoubisha, wa ndani wakufungulie kwa moyo mweupe. Amina.